Somo Langu la Kiingereza Juu ya Paa la Bi Zena

Wenzangu Rukia na Mwanajuma,

Leo nimeadhirika. Si kule kuadhirika kwa kuteleza njiani, mtu akainuka akapangusa vumbi akenda zake. Nimeadhirika Shella nzima, mchana kweupe, kwa spika mbili. Nawaandikia mapema kabla habari hii haijawafikia huko Mombasa ikiwa imetiwa chumvi (ingawa sijui chumvi ingeingia wapi, imeshajaa).

Nianze na Omari, maana yeye ndiye chanzo. Mwajua bwanangu yuko Arabuni, huu mwaka wa tatu. Mwajua pia siku hizi walio Arabuni hawaandikiwi barua tena, kila nyumba ina redio kaseti. Akitokea mtu wa kwenda huko, twarikodi kaseti twampa. Na kaseti ya nyumba yetu ina utaratibu wake. Mavyaangu, mamake Omari, ndiye hukaa mbele ya redio, naye ndiye huanza: salamu, dua, nani amekufa, nani ameoa. Halafu wifi yangu Saumu na orodha yake ya viatu. Halafu majirani wawili watatu waliokuja kuomba moto wakakuta redio imewashwa. Mimi ni wa mwisho. "Haya, nawe sema na mumeo," mavyaangu huniambia, naye yuko pale pale, goti kwa goti. Watu wanane wananitazama mdomo. Nami husema, "Omari, mimi sijambo, mtoto hajambo, twakuombea." Basi. Kaseti kumi na moja, maneno yangu ni hayo kwa hayo.

Na yake ikija ni vivyo hivyo. Twaisikiza sote mkekani, naye kule ameirikodi chumbani na wenzake sita, wote wana kikohozi. Akifika kwangu husema, "Na Mwanaidi naye nampa salamu," kama anayemsalimu karani wa posta. Mtoto wetu alizaliwa baba yake ameshaondoka. Ukimuuliza baba yako yuko wapi, huonyesha redio.

Nimemkumbuka Omari, wenzangu. Kwenu nasema wazi. Namtamani hata kukoroma kwake, kule nilikokuwa nikikulalamikia kwenu kila siku tukisuka ukili.

Ndipo nikapata akili (wakati ule niliiita akili). Mavyaangu hajui Kiingereza. Saumu pia hajui. Omari kazini kwake ni Kiingereza kutwa. Basi nikikijua nami, nitamwambia yangu mbele ya hao watu wanane, na hakuna atakayefahamu. Nikajiandikisha gumbaru, masomo ya watu wazima, alasiri tatu kila wiki. Mavyaangu nilimwambia nataka kusoma barua za serikali. Akanitazama sana, akanipa ruhusa.

Mwalimu wetu ni Mwalimu Nduku, mwanamke wa Kikamba, mtu wa watu, ana sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Siku ya kwanza alituambia maneno ya Kiingereza yana vichwa. "Nyinyi wamama mko na haraka, sindiyo? Basi msikamate neno moja moja. Kamata kichwa. Ukijua kichwa kimoja, umepata maneno kumi." Akaandika "un" ubaoni. Ukiibandika mbele ya neno, neno limegeuka kinyume. "Dis" nayo ni ya kukataa. "Mis" ni ya kukosea. "Re" ni ya kufanya tena. Nilifurahi, maana na sisi tunayo hayo: kunja, kunjua, ziba, zibua. Kumbe tofauti ni moja tu, sisi twalipindua neno mkiani, wao hulipindua kichwani. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikijiona nusu Mzungu.

Mwalimu akasema tujirikodi tujisikize. Kaseti tupu sina. Nikachukua ile yangu ya nyimbo za arusi, nikaziba kwa karatasi vile vitundu vya juu vya kuzuia kurikodi, nikarikodi juu yake siku ambayo mavyaangu alikuwa amelala mchana. Nilifanya mazoezi ya yale nitakayomwambia Omari. Nje ya kaseti pameandikwa, kwa mwandiko wangu mzuri: NYIMBO ZA ARUSI. (Najua. Mungekuwako mungeniambia niibandue ile karatasi ya jina. Hamkuwako.)

Sasa leo. Bwana Saidi wa nyumba ya tatu asafiri kesho, kwa hivyo asubuhi tumerikodi kaseti ya kumpa. Mavyaangu dua, Saumu viatu, majirani. Ikafika zamu yangu. Kiingereza ninacho mdomoni, nimekariri mwezi mzima. Nikafungua kinywa. "Omari, mimi sijambo, mtoto hajambo, twakuombea." Kumi na mbili. Upande wa pili wa kaseti umebaki mtupu, nami nikaenda jikoni nikapiga sufuria teke.

Adhuhuri twenda kwa Bi Zena, aoza binti yake. Wanawake tuko uani tunapika, wanaume wako ng'ambo ya kichochoro, chini ya turubai, na redio na fundi wa spika. Spika zenyewe zimefungwa juu ya paa la Bi Zena. Mimi nimepewa mbuzi, nakuna nazi. Mwalimu Nduku naye amealikwa, amekaa katikati ya wanawake anamenya vitunguu na kulia. Mavyaangu yuko kando yake na ungo wa mchele.

Bi Zena akaja. "Jamani, huyo fundi amerudia nyimbo nne tangu asubuhi. Hakuna mwenye kaseti?"

Saumu akanitazama. "Wewe si unayo ya arusi?"

"Iko kabatini," nikasema. "Nenda kaichukue."

Nilimtuma mwenyewe. Kwa mdomo wangu huu. Nikaendelea na nazi.

Kupita kitambo kidogo, spika zikakohoa. Halafu sauti ya mwanamke ikasema juu ya paa, taratibu, kama anayewatangazia watu kifo:

"Un. Happy, unhappy. Lucky, unlucky."

Nilisikia vizuri na sikufahamu. Nikadhani ni redio ya Nairobi. Nikawaza, huyu mwanamke ana sauti mbaya.

"I am unhappy on Friday. I am unhappy on Saturday also."

Hapo nazi ikaniponyoka.

Mungesema, si ukimbie ukaizime? Niende wapi? Redio iko kwa wanaume, nami niko na kanga moja kifuani na machicha mpaka viwikoni. Nikakimbilia chumbani kuchukua buibui langu. Kitandani kwa Bi Zena kuna mabuibui arubaini yamerundikwa, yote meusi, yote kama ya mtu mmoja kwa kuyatazama. Nikavuta la kwanza, likanifika magotini. La pili tungeingia mimi na nyinyi wawili. Na huku nje Saumu anauliza, "Huyu ni nani jamani, na anasema nini?"

Mwalimu Nduku akajibu, na furaha imemjaa. "Huyu ni mwanafunzi wangu! Mwanaidi! Ngojeni niwatafsirie."

Aliyasikiza maneno yangu kama mama anayemsikiza mwanawe akihitimu. "Anasema hana furaha siku ya Ijumaa. Jumamosi pia hana. Mmesikia vile ametumia 'un'? Vizuri kabisa."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akauliza, "Na Jumapili je?"

"Dis," nikasema juu ya paa. "Like, dislike. I dislike the cassette. Your mother is first. Your sister is second. I am last."

"Anachukia kaseti," Mwalimu akatafsiri. "Mama yako ni wa kwanza, dada yako wa pili, mimi wa mwisho. 'Dis' ni ya kukataa, wamama. Shikeni hiyo."

Kicheko kikapungua kidogo, maana sasa wamejua mama ni nani, na yuko pale na ungo. Mimi niko shingo ndani ya buibui la nne, natafuta pa kutokea. Ikaja "mis", naye Mwalimu akatafsiri: Usinifahamu vibaya, mama yako ni mwema, lakini amekaa hapa daima. Mwalimu hakuacha hata neno. Niliomba ardhi ipasuke, au angalau betri ife. Betri ilikuwa mpya. Wanaume nao ng'ambo hakuna aliyezima. Baadaye nimesikia walidhani ni mtindo mpya wa arusi.

Halafu nikasikia lile la mwisho, nami nilikuwa nimelisahau. Nililirikodi bila daftari.

"Fold, unfold, refold. I unfold your shirt. I refold your shirt. I unfold your shirt."

Mwalimu Nduku aliweka kisu chini. Alipotafsiri, sauti yake ilikuwa chini, sijapata kumsikia hivyo. "Nalikunjua shati lako. Nalikunja tena. Nalikunjua."

Hakucheka mtu. Mule uani kuna wanawake wangapi waume wao wako Arabuni? Nusu. Nilitoka nje na kanga yangu vile vile, buibui mkononi, machicha mikononi, nikasimama mlangoni. Hata aliyeuliza kuhusu Jumapili alikuwa akitazama vidole vyake. Juu ya paa redio ikakwaruza, na nyimbo za arusi zikaingia pale nilipokomea.

Mavyaangu akaweka ungo chini. "Twende nyumbani," akaniambia.

Njia nzima nilikuwa nimeshajiona nafungiwa nguo zangu narudishwa kwetu Ngomeni. Tulipofika alikaa mbele ya redio, mahali pake. Akatia kaseti ya Bwana Saidi, akaigeuza ule upande mtupu, akaniambia nimbonyezee.

"Omari," akasema. Hakuanza na dua. "Ni mamako. Kila kaseti nakwambia sisi wazima, usiwe na wasiwasi. Nimekudanganya. Mablanketi uliyotutumia yamejaa kabati, na wewe sikuoni. Mtoto wako ajua kusema, na hajui uso wako. Mkeo nilidhani hakukumbuki, maana kila mara ni yale maneno yake matatu. Kumbe nilikuwa nimemkalia mdomoni."

Kisha akainuka, magoti yakalia. Akamshika mtoto mkono, akamfukuza ukumbini Saumu aliyekuwa ametufuata. "Sema na mumeo," akaniambia. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake. Miaka mitatu mlango ule haujapata kufungwa mchana.

Wenzangu, nilibaki mimi na redio, na kaseti inazunguka. Upande mzima kasoro yale ya mavyaangu. Hakuna wa kunitazama mdomo. Naweza kusema kwa Kiingereza, naweza kusema kwa Kiswahili, naweza kusema kwa lugha ya ndege.



Nilisogea karibu. Nikasema, "Omari." Nikatafuta "un", nikatafuta "re", vichwa vyote vimenikimbia, na mikia pia. Nilikaa pale nikipumua, na jogoo wa jirani akiwika, mpaka redio ikajizima yenyewe.

"Umemaliza?" mavyaangu akauliza nje.

"Nimemaliza," nikasema.

Bwana Saidi amekuja baada ya magharibi ameichukua. Kwa hivyo Omari atapata maneno ya mamake, kisha jina lake mara moja, kisha dakika ishirini na tano za mimi kupumua na jogoo wa jirani, naye atazisikiza chumbani na watu sita.

Basi musinicheke. Na mwenye kucheka aniandikie kwanza aniambie: angekuwa ni yeye, angeanza na neno gani?

Wenu,
Mwanaidi