Mwenyekiti Asiyekaa

Baraza la mji wa Orrin Grove, Nebraska, liliutangazia umma kwa furaha kubwa kwamba gwaride la tarehe nne Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, lingeongozwa, si na bendera wala na askari wastaafu, bali na Mheshimiwa Mwenyekiti mwenyewe, Verlyn Kudrna, akiwa juu ya mashine mpya ya baraza ya kukata nyasi. Ilikuwa mashine nyekundu ya kuendesha, yenye usukani, magurudumu manne na kiti cheusi kilichonona. Lengo la zoezi, tangazo lilifafanua, ni kuimarisha uhusiano baina ya uongozi na nyasi.

Verlyn alilisoma tangazo akaona halina kasoro. Uchaguzi ulikuwa Novemba, naye hakujaliwa urefu. Magwaride yote aliyopakiwa kwenye gari, watu walimpungia dereva. Safari hii angeendesha akiwa amesimama wima, wapende wasipende wamwone.

Siku chache kabla ya sherehe, mashine ilitolewa nyuma ya ofisi kwa majaribio. Verlyn alipanda, akasimama, mguu mmoja juu ya breki kama maelekezo yalivyotaka, akazungusha ufunguo.

Kimya. Hata kukohoa haikukohoa.

"Imekufa," alisema Dwight Placek, mkuu wa barabara za mji.

"Haijafa," Marlys Fenton, mwanasheria wa baraza, alimsahihisha. "Imeahirisha kuwaka. Ikifa, itabidi tutoe taarifa."

Papo hapo ikaundwa Kamati ya Dharura ya Uwashaji. Betri mpya ikabadilishwa kwa betri mpya. Petroli ikanyonywa, ikatiwa nyingine kutoka kituo kilekile. Plagi ikafunguliwa, ikapanguswa kwa leso ya Marlys, ikarudishwa kwa heshima zake. Fyuzi zikakaguliwa. Kila hatua ilipokamilika, Verlyn alipanda, akasimama, akazungusha ufunguo, na mashine ikashikilia msimamo wake.

Dwight alijikuna shingo. Nyumbani kwake alikuwa na mashine kama ile. Karibu kila mtu mjini alikuwa nayo. Verlyn peke yake ndiye aliyekatiwa nyasi na kampuni tangu aoe.

"Mheshimiwa, chini ya kiti kuna swichi. Asipokaa mtu, haiwaki ng'o. Ni mambo ya usalama."

"Dwight, kiongozi akae, wananchi wasimame?"

"Wananchi watakuwa wamekaa, Mheshimiwa. Huwa wanakuja na viti vyao."

"Basi wa kusimama nani, kama si mimi?"

Kamati ikaazimia kwamba suala la kiti ni la kisiasa, si la kiufundi, na mjadala ukafungwa.

Siku ya sherehe, mashine ilisukumwa hadi mbele kabisa ya barabara kuu. Nyuma yake walijipanga wapiga tarumbeta wa sekondari, gari la zimamoto, matrekta, na mwisho kabisa farasi. Watu walijaa pande zote mbili, wamejinyoosha kwenye viti vya kukunja, wanatafuna soseji. Verlyn alipanda, akasimama, akatoa kifua, akazungusha ufunguo.

Kimya. Akazungusha tena, huku akitabasamu.

"Verlyn! Kaa chini!"

Alikuwa Bibi Lorene Stutzman, aliyeendesha basi la shule kwa miaka mingi na kuwabeba nusu ya watu wa mji ule, Verlyn akiwamo. Umati ukadakia. "Kaa! Kaa! Kaa!" Watu wakapiga makopo ya soda kama ngoma.

Verlyn alimwinamia Marlys, aliyesimama kando ya gurudumu.

"Huu ni uchochezi," Marlys alimnong'oneza. "Nimpe onyo rasmi?"

"Mpe."

Bibi Lorene aliipokea karatasi ya onyo, akaanza kujipepea nayo. "Asante, mwanangu, joto lilikuwa limenizidi. Sasa mwambie akae."

"Bibi Lorene," Verlyn aliita kutoka juu, "nakuheshimu sana. Usinidhalilishe mbele za watu."

"Nani kakudhalilisha? Hiyo mashine inataka makalio, haitaki hotuba!"

Barabara nzima ikapasuka kwa kicheko. Verlyn alibaki amesimama, mkono juu, akiwapungia watu wanaomcheka. Wazimamoto walikuwa wanachemka ndani ya makoti yao. Mwishowe kiongozi wa wapiga tarumbeta akaona isiwe taabu, akawapitisha wanafunzi wake pembeni. Gari la zimamoto likafuata, kisha matrekta, kisha farasi. Gwaride zima lilimzunguka Mwenyekiti kama linavyozunguka shimo la barabarani, na watu wakageuza shingo kulifuata.

Hakuna aliyekuwa akimtazama tena. Akajibwaga kitini. Kwa mazoea tu, akazungusha ufunguo.

Mashine ikanguruma.

Verlyn nusura alie. Kwa furaha akasimama ashukuru wananchi. Ikazimika. Akakaa, akaiwasha. Ikanguruma. Akaking'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

Wakati huo walikuwa wamemfikia wale watu wawili wanaofuata farasi kwa koleo, wakiburuta kwa mikono kitoroli kilichokwisha kujaa.

"Mheshimiwa, hii ina ndoano nyuma?" mmoja aliuliza, na bila kungoja jibu akaangalia mwenyewe. "Inayo! Mungu akubariki."

Verlyn alimtafuta Marlys kwa macho, huenda kukawa na kifungu cha sheria. Marlys alikuwa anasoma tangazo la duka la viatu, kwa makini.

Hivyo Mwenyekiti akashika barabara kuu akiwa ameketi, akivuta mavi ya farasi, akisimamisha mashine kila koleo lilipohitaji kufanya kazi. Na hapo jambo la ajabu likatokea: watu waliinuka kwenye viti vyao, safu kwa safu, wakampigia makofi ya dhati, ambayo hakuwahi kuyapata tangu aingie madarakani.

"Verlyn!" sauti iliita kutoka mbele ya duka la dawa. "Umeruka lundo moja hapa!"

Verlyn alitamani kusimama atoe ufafanuzi. Badala yake akatia gia ya nyuma.