Viwavi Walionenepa kwa Sumu Yangu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mkurugenzi ameamua. Viwavijeshi wa kasha langu wasipokufa kwa sumu yangu kufikia Ijumaa, ufunguo wa maabara apewe yule kijana ninayemwita Miwani, mwenye kasha lake. Miaka thelathini na mmoja nimeushika ufunguo ule! Miwani mwenyewe nilimfundisha mimi kushika chupa.

Kazi ni nyepesi kwa aliyesoma. Unatoa jeni ya sumu kutoka kwa bakteria mmoja, unaipandikiza kwa mwingine anayezaana upesi. Huyo anakuwa kiwanda cha sumu yenyewe, ambayo ni protini. Kiwavi akiila, utumbo unatoboka. Mtu hadhuriki. Nimemweleza mlinzi mara tatu. Ameomba ruhusa akafungue geti. Hapakuwa na gari.

Jumanne, tarehe 5

Bakteria wangu wameshamiri, mchuzi mzito kama uji. Sheria inataka wauawe kabla ya kutolewa chumbani. Miwani huwapasua kwa mashine, kisha huchuja protini kwenye barafu siku mbili nzima. Barafu! Kama muuza samaki. Mimi nimewatia kwenye chungu cha mvuke, dakika ishirini, basi. Haraka haraka haina baraka ni msemo wa wavivu.

Jumatano, tarehe 6

Nimechovya majani ya mahindi, nimewapa viwavi. Wamekula kwa pupa. Dalili njema.

Miwani akachungulia, akaniamkia, akauliza kwa adabu kama nilichemsha. Nikamjibu kwamba usafi ni nusu ya sayansi. Akarudi kwenye barafu yake. Wivu huo.

Alhamisi, tarehe 7

Wamenenepa. Mmoja ana shingo kama ya Mkurugenzi.

Nimemsimulia mke wangu. Akaendelea kumenya kitunguu, akasema, "Mzee wangu, si wewe uliyemwambia mjukuu kwamba protini ni kama yai, likishaiva halirudi ubichi?"

Nimemfafanulia kwa upole tofauti ya jiko na maabara. Amesinzia dakika ya kumi. Elimu haimfai kila mtu.

Ijumaa, tarehe 8

Kasha la Miwani: wote wamekufa, weusi, wamelegea. Langu: wote hai, wanataka nyongeza. Mkurugenzi akanyoosha kiganja. Nikauweka ufunguo.

Kuanzia sasa kazi yangu ni kulisha viwavi. Miwani kanifariji: "Mwalimu, karibu maabara wakati wowote. Piga hodi tu."

Hodi! Mimi!

Nimejichunguza mchana kutwa, bila kujipendelea. Kosa nimeliona, na mtu mzima hukiri kosa lake. Dakika ishirini zilikuwa chache mno. Ilitakiwa saa nzima.