Baka la Tayani na Bei za Watu

Jumatatu, 3 Machi
Baka la tayani linawasha tena. Nimezaliwa nalo, hatujawahi kugombana. Sasa limeanza ukorofi. Nimelipima kwa utepe wangu wa ushonaji: lilikuwa kifungo cha shati, leo kifungo cha koti. Ukingo wake kama pindo lililokatwa na mwanagenzi. Jana lilitoa damu. Binti yangu anasema Mama, nenda hospitali kesho asubuhi. Nikamwambia miaka arobaini nashona nguo za watu, sijawahi kununua kitambaa duka la kwanza. Nitazunguka. Usalama na bei rahisi, vyote viwili nitavipata. Kwani mimi nani?
Nimeligusa mara tatu nikiandika haya. Hilo sitamwambia mtu.

Jumanne, 4 Machi
Duka la dawa. Muuzaji ana dawa ya kupaka, eti baka linadondoka siku ya tatu. Imetengenezwa na nini? Hajui. Maandishi yamefutika. Nikamuuliza kama angempaka mama yake mzazi. Akaanza kupanga chupa ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikaaga. Ila bei ilikuwa nzuri. Nzuri sana!

Jumatano, 5 Machi
Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, kaja na majivuno yake. Baka lake la shingoni lilichomwa saluni mwaka jana. Akafungua mtandio nione. Kovu kama pasi iliyosahauliwa juu ya hariri! Eti halionekani. Nikamwambia kweli, kwa kipofu. Akasema uzee wangu umeota meno.
Hata hivyo nilifuatana naye hadi hiyo saluni. Msusi alikuwa anamaliza nyusi za mteja. Akapangusa sindano ya kuchomea kwenye aproni, akasema kaa bibi, wazee nusu bei. Nusu bei! Makalio yalikwishagusa kiti. Kilichoniinua ni ile aproni. Sindano chafu siipitishi hata kwenye pazia la choo.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Kumwona daktari tu kunalipiwa, hata hajakugusa! Nikabuni hila. Nikabandika plasta juu ya baka, nikamvizia daktari kwenye korido. Mwanamke mdogo, vidole vya kutunga uzi mara moja. Nikasema jirani yangu ana baka, anauliza bei. Akauliza la jirani linawasha? Linawasha. Limetoa damu? Jumapili. Liko wapi? Mkono wangu, msaliti mkubwa, ukaenda tayani. Akasema basi mwambie jirani akalipe, aje abandue plasta.
Nililipa. Akalichungulia kwa kioo chenye taa. Akasema hili halichomwi wala halipakwi kitu. Linakatwa, kipande kinakwenda maabara kuangaliwa kama kina ubaya. Likichomwa, hakuna cha kuangalia.
Nilikuwa nimejiandaa kubishania bei. Sikubisha. Nilikuwa namuwaza wifi. Lake liliondoka na moshi. Hakuna aliyeliangalia.

Ijumaa, 7 Machi
Wamekata. Ganzi, kisu, nyuzi nne. Mshono umenyooka, ila fundo la mwisho mimi ningelikaza. Nikamwambia. Akasema asante, fundi. Kipande changu kimeingia kwenye kichupa chenye jina langu. Miaka sitini na minane nimetembea nacho. Sikukiaga.

Jumatatu, 10 Machi
Majibu bado. Gauni la mteja nimelikata mikono miwili ya kushoto.
Nikaenda kwa wifi. Njia nzima nilipanga maneno matamu. Nilipofika nikasema inuka, mjinga we, ukaonwe na daktari. Akanitukana mimi na ukoo wangu, akasema nalionea kovu lake wivu. Halafu akaligusa kovu. Akauliza polepole, je, kama kulikuwa na kitu? Nikasema unadhani nimekuja kunywa maji?
Akafunga mtandio, tukaenda hospitali. Daktari akapapasa kovu, akapapasa shingo. Haoni baya, lakini kuapa hawezi. Arudi baada ya miezi mitatu. Wakati wa kurudi wifi alinishika mkono. Nikamwambia aniachie, jasho hilo. Hakuniachia. Sikurudia.

Jumatano, 12 Machi
Simu! Halina ubaya. Binti yangu alilia. Mimi nilipiga chafya tu, mara nyingi.
Kesho nirudi kutolewa nyuzi. Foleni ya asubuhi nzima, kwa nyuzi nne! Mji huu kuna aliyefumua mishono kunizidi? Binti anasema Mama, usithubutu. Nimemwambia aende kazini. Wifi ameniunga mkono, mara ya kwanza tangu niolewe kwao. Wembe wa kufumulia nimeuchemsha, mimi si msusi.
Mbili zimetoka. Ya tatu inang'ang'ania, kwa hiyo nimepumzika niandike. Wifi ndiye kashika kioo. Nimemkemea aache kutetemeka. Anasema kioo kimetulia, kinachotetemeka ni wembe.