Chumba cha Kujifunza kwa Mikono

Kamati ya Kuratibu Elimu kwa Vitendo inayo furaha kuutangazia umma kwamba, baada ya vikao arobaini na kimoja, Chumba cha Kujifunza kwa Mikono cha shule yetu ya kati kimefunguliwa rasmi. Mimi ni katibu wa Kamati. Kila kitu kimo: hadubini, drili, koleo, udongo wa kufinyanga, brashi za rangi. Vyote vimo ndani ya nailoni zake, maana vifaa vikiguswa huchakaa. Wanafunzi husimama nyuma ya kamba, mikono mgongoni, na mwalimu huwaonyesha kwa fimbo. Ufaulu ni asilimia mia moja.

Mambo yalikuwa shwari mpaka binti mmoja wa darasa la saba, ambaye wenzake humwita Injinia, alipovuka kamba wakati wa mapumziko akatengeneza feni ya dari, iliyokuwa mbovu tangu siku ya uzinduzi. Ushahidi ulikuwepo: feni ilizunguka. Tulikaa chini yake saa mbili kujadili kosa hilo, na kwa kuwa upepo ulikuwa mzuri, hakuna mjumbe aliyependekeza izimwe.

Mama yake, fundi viatu, aliitwa. Alikuja na gundi vidoleni.

"Mwanangu kaiba?"

"Hapana, mama," nikamwambia.

"Kavunja?"

"Afadhali angevunja. Cha kuvunjika kina fomu yake. Huyu katengeneza."

"Makubwa haya!"

"Tena kwa mikono."

Adhabu ilikuwa moja tu, kufukuzwa. Injinia alilia kimya kimya. Alikuwa amebakiza muhula mmoja afanye mtihani, na hakuna shule ambayo ingempokea na barua ya namna hiyo. Ilibaki saini ya Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu.

Alifika Alhamisi, akanywa chai vikombe vinne ofisini kwa mwalimu mkuu, kisha tukaingia wote chumbani pamoja na mtuhumiwa na mama yake. Mkurugenzi akaubamiza mlango, kama wakubwa wafanyavyo. Kitasa kikabaki mkononi mwake.

Tukatazamana. Sisi wajumbe ni wataalamu wa elimu kwa vitendo. Vitendo vyenyewe si fani yetu. Tuligonga weee, lakini shule nzima ilikuwa imepangwa uwanjani ikimwimbia mgeni wimbo wa makaribisho.

Nusu saa ikapita. Chai ikaanza kudai njia.

"Wewe binti," alisema Mkurugenzi, amebana magoti, "si ndiye fundi? Fungua!"

Injinia akaweka mikono mgongoni. "Nimefukuzwa, mheshimiwa."

"Kakufukuza nani? Sijasaini!"

"Basi bado ni mwanafunzi. Wanafunzi hawagusi."

"Mama, sema na mwanao!"

"Mwanangu," mama akasema, "vitu vya watu usiguse."

Mkurugenzi akaigeuza barua ya kumfukuza, akaandika nyuma yake kwamba anaruhusiwa kugusa. Injinia akaisoma taratibu, neno kwa neno.

"Hapa niko peke yangu, mheshimiwa. Na wenzangu je?"

Akaongeza: wanafunzi wote, vifaa vyote, kila siku. Akasaini huku akirukaruka.

Binti akachana nailoni, akampa Mkurugenzi bisibisi. "Mimi nabana kwa koleo. Wewe legeza skrubu hii."

Akazungusha.

"Unakaza, mheshimiwa."

"Nalegeza!"

"Unakaza. Zungusha upande wa pili. Polepole."

Muhtasari wa Kamati unaonyesha kwamba mtu mzima wa kwanza kusoma katika chumba chetu alikuwa Mheshimiwa Mkurugenzi, aliyekaza mara tatu kilichopaswa kulegezwa; na kwamba mlango ulipofunguka hatimaye, hakuwa tena na sababu ya kukimbia.