Kijiko Kilichokatika

Leo kijiko cha chai kimeniaibisha, ndugu zangu, na aliyekishika ni mama yangu mzazi.

Mnajua hadithi yangu ilikuwa isomwe redioni saa kumi. Hadithi yangu ya kwanza kukubaliwa. Niliwaalika majirani wa hapa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, Nakuru, waisikie kwa redio niliyoiunda kwa mikono yangu. (Mwandishi na fundi katika ngozi moja. Nilijisifu hivyo hivyo.)

Saa tisa nikaiwasha. Kimya. Hata mkoromo haikutoa.

Mzee Wekesa, mtia makaa wa garimoshi, akanishauri nitazame kwanza ule waya wa juu ya paa unaonasa sauti, maana upepo ulikuwa umetimua vumbi lote la ziwani. Nilimtazama kama kuku aliyeingia kanisani. Mtu wa koleo ataniambia nini kuhusu umeme? Nikatoa mita yangu, niliyoipata kwenye mnada wa vyombo vya jeshi: sanduku jeusi, kioo, na sindano nyembamba kama mguu wa heroe, yule ndege wa ziwani. Ukigusisha nyaya zake mbili kwenye kitu kizima, sindano inaruka. Kikiwa kimekatika, inalala.

Nikagusa koili ya redio, ule waya uliozungushwa. Sindano ikalala. Nikatangaza kwamba imekatika, nikaing'oa. Kipande cha pili, kimekatika. Nikang'oa. Cha tatu, vivyo hivyo. Kila nilipong'oa nilitoa hotuba fupi juu ya watu wanaodhani redio hutengenezwa kwa kukodolea paa macho. Kufikia saa kumi kasorobo, matumbo yote ya redio yalikuwa mezani.

"Bwana mwandishi," Mzee Wekesa akauliza taratibu, "vyote vimekufa siku moja?"

"Mita haidanganyi, Mzee."

Mama, aliyekuwa akikoroga chai ya wageni, akaninyooshea kijiko. "Basi pima na hiki, baba."

Nikakipima kwa dharau. Sindano ikalala.

"Na kijiko changu kimekatika?"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniua. Mzee Wekesa akaichukua mita, akafungua mfuniko wa nyuma, akanionyesha betri yake ndogo: imeoza, imeota kutu ya kijani. Maiti ilikuwa mita yenyewe. Hapo ndipo chumba kikapasuka kwa kicheko, na mama yangu akiwa wa kwanza.

Nje, waya wa paa ulikuwa umelala vumbini. Kuurudisha ni kazi ya dakika mbili. Kurudisha yale matumbo ni kazi ya wiki nzima.

Majirani wakakimbilia redio ya hoteli ya kona. Mimi nikabaki na meza yangu. (Kwenda nao? Kwa uso upi?) Waliporudi, Mzee Wekesa akanisifu kwa dhati. Alisema hadithi ni tamu, hasa yule jamaa mjuaji asiyeshaurika.

"Huyo," akaniuliza, "ulimjulia wapi?"

Ninyi mlioisikia huko Nairobi, niandikieni ilivyosomwa, neno kwa neno. Kijiko msikitaje.