Gari la Mbio la Deo na Nailoni Yangu

Leo nimejiaibisha mbele ya parokia nzima, tena kwa mikono yangu mwenyewe. Tangu mchana natafuta mtu wa kumsingizia, nimemkosa.

Mnanijua. Mimi ndiye Mama Riziki wa Mudzipela, hapa Bunia, napamba magari ya harusi. Leo alikuwa anaolewa Asifiwe, mtoto wa dada yangu, misa saa nne kamili. Padri alishatuonya tangu mafundisho: leo kuna ndoa tatu, na kengele ya pili ikilia kabla bibi harusi hajakanyaga mlango wa kanisa, ndoa yake inangoja Jumamosi nyingine. Huyu padri hatanii. Kuna watu alishawarudisha nyumbani na keki yao. (Keki ililiwa siku hiyo hiyo. Ndoa ilingoja.)

Sasa kuna Deo. Deo ni binamu yake bwana harusi, ananunua dhahabu, na ugonjwa wake ni magari ya mbio. Miaka mitatu iliyopita alileta la kwanza: jekundu, milango miwili, viti viwili, limeinama chini kiasi kwamba kuku anapita kwa shida. Nililipamba mimi, harusi ya mdogo wake. Mwaka huu ameleta la pili. Kampuni ile ile, jina lile lile, rangi ile ile, ila ni toleo jipya. Nikajiambia gari ni lile lile, nalijua. Kiburi kilianzia hapo.

Alilifikisha kwangu saa moja asubuhi. Vijana wa pikipiki wakajaa, ubishi ukaanza, lipi bora, la zamani au jipya.

"Hii ya mupya iko na mbio kupita ile," mmoja akasema.

Mbio za kwenda wapi? Lami ya Bunia inaisha kabla hujamaliza kufunga mkanda.

Mimi gari nalipima kwa kamba. Na kwa kamba, lile la zamani lilikuwa gari la heshima. Vishikio vya milango vya chuma, viko nje muda wote, unaweza kutundika ndoo ya maji. Antena ndefu ya kufungia kishada. Bawa la nyuma limekazwa kwa boliti. Nililikalia nikipanga maua na halikulalamika. Likiwaka, mtaa wa pili wanajua harusi imetoka. Hili jipya limelainika kama sabuni iliyotumika wiki nzima. Antena hakuna. Ufunguo hakuna. Vishikio vimejificha ndani ya mlango, vinatoka vyenyewe Deo akisogea, vinarudi ndani gari likiondoka. Bawa linapanda na kushuka lenyewe, linavyotaka. Na sauti yake ni ya friji.

"Mama Riziki," Deo akaniambia, "hii haiko sawa ile ya zamani. Tia mauwa yako ku kapo tu. Usifunge kitu ku puanye, usifunge kitu ku bawa. Hii iko na akili yake."

Yaani nipambe boneti tu, vishikio na bawa nisiguse. Mimi! "Mutoto wangu," nikamjibu, "mie nilianza kupamba magari tangu weye uko nasukuma rimu ya baiskeli na fimbo."

Akacheka, akarudi kwa vijana wa pikipiki. (Hilo ndilo kosa lake. Angenigombeza.)

Sasa niwape siri ya kazi yangu, bure. Chini ya utepe napitisha nailoni ya nyavu. Shemeji yangu huniletea kutoka Mahagi-Port, ile nene ambayo hata kapitene, yule samaki mkubwa wa ziwani, akiivuta anachoka yeye. Bila nailoni, mashimo ya Mudzipela yanavua gari nguo zote kabla halijafika bulvari, kwenye lami.

Saa tatu Asifiwe akatoka chumbani kwangu na gauni lenye waya ndani, limetanuka kama mwavuli wa sokoni. Kumwingiza garini ilichukua robo saa. Deo akakaa kwenye usukani, akaanza kutafuta wimbo kwenye ile televisheni ya mbele. Milango ikafungwa. Vishikio vilikuwa bado nje. Bawa alikuwa ameliinua kidogo kuwaringia wale vijana.

Basi nikainama. Nailoni kutoka kishikio cha kushoto, ikapita juu ya bawa, mpaka kishikio cha kulia. Nyingine mbele, kutoka kioo cha pembeni hadi kioo cha pembeni, juu ya kapo, ishikilie ua kubwa. Mafundo matatu matatu. Juu yake utepe mweupe, hakuna anayeona kitu. Kibegi changu chenye mkasi nilikuwa nimeshakitia mbele, chini ya kapo, maana kwenye gari hili moteri iko nyuma na mizigo inakaa mbele. (Hata la zamani lilikuwa hivyo. Angalau hilo hawakulibadilisha.)

Tukaondoka. Mimi nyuma yao kwa pikipiki, kuangalia kazi yangu. Ndani ya Mudzipela, Deo alikwenda polepole, anaomba radhi kwa kila shimo. Tulipofika kwenye lami akakanyaga. Vishikio vikajificha, vikameza utepe wangu. Bawa likapanda. Nailoni ikakaza, ikanyooka vizuri sana.

"Angalia," nikamwambia kijana wa pikipiki, "inajikaza yenyewe. Hii ya mupya inavaa muzuri kupita ile."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu huu.

Tunafika kanisani, kengele ya kwanza inalia. Padri yuko mlangoni na kanzu yake, anaangalia saa. Vigelegele. Deo akaegesha kando ya dimbwi la mvua ya jana. Mlango wa bibi harusi ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono, ukagoma. Mlango wa Deo hivyo hivyo. Bawa lilikuwa bado juu, limegoma kushuka. Mkono wa Asifiwe, na glavu yake nyeupe, ukatokeza kwenye ufa, ukapunga. Watu wakadhani anasalimia. Wakampungia.

Hakuwa anasalimia.

"Mama Riziki," Deo akaniita kwenye ufa wa upande wake, taratibu kabisa, "ulifunga nini huku?"

"Utepe."

"Na mu ndani ya utepe?"

Nikapapasa begani kutafuta kibegi changu.

Mkasi uko chini ya kapo. Deo akabonyeza anapobonyeza, kapo ikainuka kidole kimoja, ikakamatwa na nailoni ya ua kubwa. Gari zima nilikuwa nimelifunga kama mbuzi wa mahari. Kijana wa pikipiki akanipa kisu. Sijakigusisha, Deo akapiga kelele, "Hapana kisu! Utakwangula rangi!" Watu wanataka kuoana, yeye anawaza rangi. Nikajaribu kwa meno. (Ndiyo. Kwa meno. Wakwe wanaangalia.) Nailoni iliyowashinda kapitene, meno yangu yangeiweza wapi?

"Tantini," Asifiwe akaniita. "Padri iko naangalia saa."

"Niko naona, mama."

"Kengele ikilia na mie niko humu ndani, sitakuongelesha tena."

Hakuwa na hasira. Alikuwa anaanza kulia, na machozi yalikuwa yanachora njia kwenye poda niliyompaka mwenyewe alfajiri. Huyu mtoto amesomea kwangu. Viatu vyake vya kwanza vya shule nilimnunulia mimi. Nikaona aibu ya kweli, na nikaacha kuwaza nani ananiangalia.

"Deo," nikasema, "shusha kioo. Anatoka ku dirisha."

Kioo kikashuka. Baba zake wadogo wawili wakamshika mikono. Kikatoka kichwa, shela likanasa kwenye kioo cha pembeni, likanasuliwa. Kikatoka kiuno. Ule waya wa gauni ukagoma dirishani, ukajikunja, kisha ukafyatuka nje wote kwa mpigo na kumpiga baba mdogo mmoja kidevuni. Kiongozi wa kwaya iliyojipanga mlangoni alipoona kitu cheupe kinatokeza akadhani bibi harusi ameshashuka, akainua mkono. Kwaya nzima ikaanza wimbo wa kuingilia. Bibi harusi ameketi kwenye dirisha, miguu ingali ndani ya gari, na chini yake ni lile dimbwi.

Viatu vyeupe. Gauni jeupe. Tope jekundu la Bunia.

Nikapiga magoti kwenye dimbwi. Nikaweka na mikono. Nikawa daraja.

Ndipo nikaona ncha ya kanzu ya padri mbele ya pua yangu.

"Nani alifunga hii gari?" akauliza.

Sijui kama mmewahi kunyooshewa vidole na watu mia mbili mkiwa kwenye tope. Kwaya ilikuwa inaimba na inanyoosha.

"Mie, Padri," nikaliambia dimbwi.

Nikangoja anigombeze. Kanzu ikasogea kando hatua moja.

"Muzuri," akasema. "Usiinuke kwanza. Akanyage."

Asifiwe akakanyaga. Kisigino cha kwanza kikatua katikati ya mgongo, cha pili karibu na shingo. Na leo nilikuwa nimevaa ile fulana yangu ya kazi, imeandikwa mgongoni kwa herufi kubwa: MAMA RIZIKI MAPAMBO. Simu zote zilikuwa juu. Akaruka, akakimbia, gauni limepinda upande mmoja. Mguu wake ulipogusa kizingiti, kengele ya pili ikalia. Padri akatazama saa yake, akamtazama bwana harusi aliyekuwa amelowa jasho mlangoni, akawaashiria waingie.

Wameoana. Niliisikiliza misa nikiwa nje, nikikata nailoni kwa kikata kucha cha mama mmoja wa kwaya, tope hadi viwikoni, Deo amesimama juu yangu anakagua rangi. (Naye alitokea dirishani, na suti yake.) Maharusi walipotoka, walilitazama gari, wakatazamana, wakapanda pikipiki.

Baadaye Asifiwe alinikumbatia ukumbini, akaninong'oneza, "Tantini, nilikuumiza?" Nikamwambia hapana. Nilidanganya.

Video imeshafika Mahagi. Shemeji yangu amepiga kuuliza kama nailoni yake ilikatika. Ninyi wa humu kwenye kikundi chetu cha simu mlioituma mara nne, nimewaona, na majina yenu nimeyaandika. Naomba kitu kimoja tu: msinicheke leo. Kila nikicheka mgongo unauma, na siwezi kuwaacha mcheke peke yenu.