Bunungwe na mamba ya mu ordinateur

Bamama ba chorale, leo nimevuliwa nguo nikiwa nimevaa. Niko naandika nimejifungia mu chumba, sababu mu salon kuko Nadège, munjukulu yangu, na Nadège hataki kunisemesha.

Mambo ya siku ya Mungu, Jumapili hii, munaijua. Bazazi ya Trésor, muchumba wake, banatoka Kasumbalesa, banakuya huku kwetu Kamalondo kubisha hodi juu ya Nadège. Mwenye kubapokea ni miye, kambo ya huyu munjukulu, sababu mama yake iko Kilwa yetu ya ku ziwa na barabara ya kule munaijua. Kila asubui Nadège ananirudilia: "Kambo, siku ile kinywa ikuwe kidogo." Kinywa yangu. Hata meno imebakia ya kuhesabu.

Leo hakuwa na kazi, akafungua ordinateur yake, akaanza kucheza ule muchezo yenye iko na bantu ba ajabu. Nikavuta kiti. Nikauliza bale ni banani.

"Ni ba race, Kambo. Bale ba masikio murefu ni Bavaleni. Bale bafupi ba ndebu ni Batoruki. Benye kutembea mu mawingu ni Bafelu. Na bale ba mukia ni Baziraki."

Jina nikisikia mara moja imeingia (masomo ndiyo ilikatala kuingia). Lakini jina tu haitoshe. Nikamuuliza: "Ukoo yabo ni gani? Na ile masikio inatokea ku mama ao ku baba?"

"Kambo, ni muchezo."

"Hata mu muchezo muntu anazaliwa na mama."

Akacheka, akaniacha nipange. Nikapanga. Batoruki banashinda kuchimba udongo: bale ni bena Mumba, bantu ba udongo. Bafelu ba mawingu ni bena Mfula, bantu ba mvua. Basi hawa na bale ni banungwe, juu mvua inalainisha udongo. Wanaweza kutukanana mupaka magaribi na hakuna mwenye kukasirika, na mumoja akikufa, mwenzake njo anachimba kaburi. Bavaleni nikabaacha kando, masikio yao ilinishinda. Lakini Baziraki? Ngozi ngumu, mukia, mudomo murefu, banalala ku mayi. Bena Ngandu! Ukoo ya mamba! Na miye, munanijua, ni muntu ya bena Isabi, ukoo ya samaki. Mamba anakulaka samaki. Ni banungwe bangu ba damu.

Nilifurahi, bamama. Tangu nitoke Kilwa sijapata munungwe wa kutukana vizuri.

Mvua ikaanza kudondoka. Nadège akakumbuka nguo ku kamba. Akanivalisha ile casque ya masikio na ya kusemea: "Kambo, ukae tu hapa. Kama muntu anaita, usijibu. Nakuya."

Akatoka. Mamba akaingia.

Akasimama mbele yangu na mukia yake, akatikisa kichwa. Juu ya kichwa kulikuwa maandishi madogo, lakini lunette ilikuwa ku jikoni. (Hata na lunette, maandishi ya ordinateur inanishinda, mutanisamehe.) Sauti ikasema ndani ya masikio yangu: "Bonjour, mwana."

Mwana! Mamba ananiita mwana!

"Mwana ya nani?" nikamuambia. "Weye ngandu, mudomo sawa valise yenye haifunge. Ulikula bakaka bangu bote mu ziwa, na hata pole hujasema. Angalia hii tumbo, inafagia chini."

Nikazania anatafuta ya kunirudishia, njo sheria. Nikamuongezea: "Siku nitakufa, weye njo utachimba kaburi yangu, na usikuye umelewa. Na ule mutoto wako, kama anafanana na weye, masikini, nani atamupatia bibi ya kuoa?"

Mamba akakohoa.

"Mama," akasema polepole, "miye nilikuwa nafikiri ni Nadège."

Nadège alikuwa mu mulango na nguo ku mikono. Zote zikaanguka.

Kumbe ni Papa Tshibangu. Baba ya Trésor! Alivunjika muguu, anashinda mu kiti, mutoto akamufundisha muchezo ili asiboeke. Leo aliingia kusalimia bibi-arusi. Na ni muntu ya Kasai: kwabo bunungwe ya samaki na mamba hawaijue, lakini heshima ya mukwe banaijua sana.

Nikavua casque. Nikaiweka pa meza taratibu, sawa vile yai. Nadège akasema neno moja tu: "Kambo." Akaanza kulia. Pale njo moyo yangu ilikatika, bamama. Haya yangu naizoea. Lakini ndoa ni yake.

Saa ya chakula Trésor akaita ku telefone. Nadège akaweka sauti juu, uso umevimba.

"Kambo, baba anasema kwabo mukwe akitukanwa, banamuletea jogoo."

"Niko naye. Ule mwekundu," nikajibu mbio. (Ule wa Noël. Bwana alitoa, Bwana ametwaa.)

"Anauliza tena, sababu Nadège amemuelezea ile bunungwe. Kama yeye ni mamba kweli, iko na haki ya kukurudishia?"

"Haki yote. Akinyamaza njo atakuwa ameniharibia."

Nikasikia nyuma ya Trésor sauti ya muzee: "Basi umuambie huyu ndakala, kasamaki ya kukauka, siku ya Mungu nakuya na njaa."

Nadège akacheka mu machozi. Kisha akakumbuka amenikasirikia, akarudi ku salon.

Trésor anasema tangu saa ile muzee hajagusa muchezo. Iko mu kiti, anajaribu matusi kwa sauti.

Kwa hiyo bamama, siku ya Mungu mukuye munisindikize, mukae nyuma yangu, muimbe. Lakini mwenye atacheka mbele ya mukwe, ajue: jina lake ninalo, na la mama yake pia.